Elm baada ya toleo la 0.19: ufunguo wa lugha uko kwa nani?

Mwezi wa Oktoba 2019 lilitoka toleo la 0.19.1 la Elm, lugha ndogo ya kutengenezea programu za wavuti. Halikuwa na makuu: lilirekebisha hitilafu kadhaa na kuboresha maelezo ambayo mwanaprogramu huonyeshwa anapokosea. Wakati ule ni wachache waliodhani kwamba toleo hilo la marekebisho lingebaki kuwa ndilo toleo rasmi kwa miaka mingi mfululizo. Tangu hapo mjadala kuhusu mustakabali wa lugha hii umezuka, ukatulia, ukazuka tena, na kila mara swali limekuwa lile lile: je, Elm imekufa, au imekamilika tu? Naona swali hilo halikuulizwa vizuri. Kinachogombaniwa ni ufunguo wa nyumba ambayo watu wengine wameshahamia na kuingiza vyombo vyao.

Elm ilianza mwaka 2012 kama tasnifu ya Evan Czaplicki, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Tatizo aliloligusa linajulikana na kila aliyewahi kuandika JavaScript, lugha inayoendeshwa na vivinjari vya wavuti: programu inaonekana nzima mezani kwa mtengenezaji, kisha inaanguka mikononi mwa mtumiaji kwa sababu mahali fulani msimbo, yaani maandishi ya programu, umeita kitu ambacho hakipo. Elm ilikataa jambo hilo tangu msingi. Kompaila yake hukagua programu yote kabla ya kuigeuza kuwa JavaScript, na katika lugha yenyewe hakuna thamani ya utupu inayoweza kujipenyeza popote. Kitu kinachoweza kukosekana lazima kitangazwe hivyo waziwazi, na mwandishi hulazimika kueleza programu itafanya nini kikikosekana. Ahadi iliyotokana na mpangilio huo ni kwamba programu ya Elm haianguki ikiwa kazini. Zipo njia chache za kuiangusha, kwa mfano funksheni (kipande cha msimbo kinachopokea thamani na kutoa jibu) inayojiita bila kikomo au jaribio la kulinganisha funksheni mbili kama zinafanana, lakini ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kuandika Elm kwa muda mrefu asikutane nazo.

Mwaka huo huo wa 2012 kampuni ya Microsoft ilitangaza TypeScript, nayo ikikusudia kupunguza makosa ya JavaScript, ila kwa njia iliyo kinyume kabisa. TypeScript iliipokea JavaScript kama ilivyo na kuiwekea juu yake mfumo wa aina (kanuni za kutaja kila thamani ni ya namna gani) ambao mwandishi anaweza kuufuata leo na kuukwepa kesho. Aliyekuwa na mradi mkubwa wa zamani aliweza kuanza kwa faili moja, na maktaba zote alizozizoea zikaendelea kutumika. Elm ilimtaka mgeni avue viatu mlangoni. Tofauti hiyo moja inaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini TypeScript imeenea kote duniani huku Elm ikibaki na wapenzi wachache, na inaeleza pia kwa nini wapenzi hao ni wakaidi: walichopewa kwa kuvua viatu hakipatikani katika nyumba ambayo kila mtu huingia apendavyo.

Udogo wa lugha haukuzuia ushawishi wake. Mpangilio wa programu za Elm, ambamo hali yote ya programu huwekwa mahali pamoja, kila tukio hupita katika funksheni moja inayotoa hali mpya, na ukurasa huchorwa upya kutokana na hali hiyo, ulichangia kuzaliwa kwa Redux mwaka 2015, maktaba iliyotumiwa na watu wengi mno wa React (maktaba nyingine ya JavaScript, ya kujengea kurasa) ambao hawakuwahi kuandika mstari mmoja wa Elm. Mwaka 2016 watengenezaji wa lugha ya Rust walipobadilisha sura ya maelezo ya makosa katika kompaila yao, walikiri wazi kwamba Elm ilikuwa miongoni mwa walioionyesha njia. Maktaba za Bubble Tea katika lugha ya Go na Iced katika Rust nazo zimejengwa juu ya mpangilio huo. Kwa hiyo anayesema Elm imekufa anapaswa kwanza kueleza anazungumzia kitu gani, maana mawazo yake yametawanyika kiasi kwamba hakuna wa kuyazika.

Tukirudi kwenye lugha yenyewe, jambo la kuzingatia ni kwamba tangu mwanzo ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwaka 2013 Czaplicki aliajiriwa na Prezi, kampuni ya programu za kutayarishia mawasilisho, aendelee na Elm. Mwaka 2016 akahamia NoRedInk, kampuni ya programu za kufundishia uandishi wa Kiingereza shuleni, ambayo ilikuwa mtumiaji mkubwa na mtangazaji mkubwa wa lugha hii. Wasaidizi na washauri walikuwepo, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa wake. Wala uamuzi huo haukuwa na haya. Mwezi wa Mei 2016, katika toleo la 0.17, aliliondoa wazo ambalo tasnifu yake yote ilijengwa juu yake, yaani ishara zinazobadilika kadiri ya wakati, akaweka badala yake njia rahisi zaidi ya kujiandikisha kupokea matukio. Kila aliyekuwa na programu ya Elm alilazimika kuiandika upya kwa sehemu fulani. Wengi walishukuru. Walisema lugha imekuwa nyepesi, na kwamba kamati isingeweza kamwe kuthubutu kukata kiungo kikubwa namna ile. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu mamlaka yaliyolalamikiwa miaka miwili baadaye ndiyo hayo hayo yaliyosifiwa mwaka 2016.

Toleo la 0.19 lilitoka Agosti 2018. Kwa mizani ya ufundi lilikuwa hatua kubwa: kompaila ilikuwa na kasi zaidi, na mafaili yaliyozalishwa yalikuwa madogo sana kwa sababu kila funksheni isiyotumika iliondolewa, hata ikiwa imo ndani ya maktaba ya mtu mwingine. Lakini toleo hilo liliondoa pia uwezo wa kujitungia alama za hesabu, na juu ya yote lilifunga mlango ambao baadhi ya watu walikuwa wakiutumia kimyakimya. Kabla ya hapo mtu aliyejua njia aliweza kuandika kipande cha JavaScript na kukiita moja kwa moja kutoka ndani ya Elm. Kuanzia 0.19 kompaila yenyewe ilikataa, isipokuwa kwa vifurushi (maktaba za msimbo zinazogawiwa kwa wote) vilivyo chini ya majina mawili yanayomilikiwa na wasimamizi wa lugha.

Sababu ya kufunga mlango ilikuwa ya haki, na wakosoaji wengi huipita haraka mno. Ahadi ya programu isiyoanguka ni ya mnyororo, na mnyororo hukatika penye pingili dhaifu. Kifurushi kimoja chenye JavaScript iliyofichwa kinaweza kuvunja ahadi hiyo kwa kila anayekitumia, bila yeye kujua. Hata uondoaji wa funksheni zisizotumika hutegemea uhakika kwamba kuita funksheni hakuleti athari nyingine yoyote nje ya jibu lake. Kwa wale waliohitaji JavaScript, Elm ilibakiza kile inachokiita porti, na jina hilo kwa Kiswahili tunaweza kulifasiri kwa neno lililo sahihi kabisa: bandari. Shehena hutoka na kuingia kupitia bandari, inakaguliwa na forodha, na hakuna anayeruhusiwa kuteremsha mzigo usiku ufukweni.

Tatizo ni kwamba bandari haifai kwa kila mzigo. Ujumbe unaotumwa kupitia porti huenda JavaScript, na jibu hurudi baadaye kama tukio jipya. Huwezi kuuliza swali katikati ya kuchora ukurasa na kupata jibu papo hapo. Chukua mfano ulio karibu nasi. Vivinjari vikubwa vinakijua Kiswahili: kupitia kiolesura kiitwacho Intl, JavaScript inaweza kuomba tarehe iandikwe kwa Kiswahili ikapata majina ya siku na miezi, au kuomba kiasi cha fedha kiandikwe kwa utaratibu wa Tanzania au wa Kenya. (Saa zetu za kuhesabu tangu mapambazuko Intl haizijui, lakini hilo si kosa la Elm.) Kifurushi rasmi cha Elm kinachoshughulikia wakati hakikupi majina hayo, kinakupa namba na vitambulisho vya siku, kisha wewe unaandika mwenyewe kwamba hii ni Jumatatu na hii ni Jumanne. Kwa lugha moja yenye siku 7 na miezi 12 hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa programu inayopaswa kuzungumza lugha 20, zenye taratibu 20 za koma na nukta katika namba, ni kujenga upya kwa mkono kitu ambacho tayari kimo ndani ya kivinjari cha kila mtumiaji. Njia ya kuzunguka ipo: mtu anaweza kutengeneza elementi maalumu ya HTML inayoita Intl na kuiweka ndani ya ukurasa wa Elm. Inafanya kazi. Lakini haisaidii pale unapohitaji maandishi yenyewe na si kipande cha ukurasa.

Mwezi wa Aprili 2020 mwanaprogramu mmoja, ambaye alikuwa ametengeneza maktaba ya kufasiri programu iliyotegemea Intl, alichapisha andiko refu la kueleza kwa nini anaiacha Elm. Andiko hilo lilisomwa sana, na baada yake mjadala haukurudi ulivyokuwa. Ukilisoma kwa utulivu utaona kwamba malalamiko ya kiufundi ni nusu tu ya mzigo. Nusu nyingine inahusu namna waliojaribu kuuliza au kuufungua mlango walivyojibiwa, na hisia yao kwamba wasimamizi walikuwa na ruhusa ambayo walijipa wenyewe na kuwanyima wengine. Jina la shirika lililoandikwa ndani ya kompaila kama kibali ni kitu kidogo kwa idadi ya mistari. Kwa watu waliokiona kila siku kilikuwa tangazo la nani ni mwenyeji na nani ni mpangaji.

Czaplicki naye hakuwa ameufumbia macho mgogoro. Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya 0.19, alitoa katika mkutano wa wanaprogramu wa Strange Loop mjini St. Louis hotuba iliyohusu ugumu wa chanzo huria, akieleza jinsi mashinikizo na maneno makali yanavyomlemea mtu anayegawa kazi yake bure. Sioni vigumu kumwelewa. Anayetoa kitu bila malipo kisha akadaiwa kama mdaiwa sugu ana haki ya kuchoka. Lakini uchovu wa mtu mmoja, katika nyumba yenye ufunguo mmoja, huwa ni kufungwa kwa nyumba.

Hapa kuna ulinganisho ambao nauona wa maana kuliko mwingine wote. Mwezi wa Julai 2018, wiki chache kabla ya Elm 0.19, Guido van Rossum alijiuzulu uongozi wa lugha ya Python akiwa amechoshwa na mabishano juu ya pendekezo moja la sarufi. Chanzo ni uchovu ule ule, wa mtu aliyeanzisha lugha na kuiamulia kwa miaka mingi. Ila Python ilikuwa na utaratibu ulioandikwa wa mapendekezo, ilikuwa na watengenezaji wengi wenye haki ya kuingiza msimbo, na ndani ya miezi michache wakajadiliana, wakapiga kura, wakachagua baraza la watu 5 mwanzoni mwa 2019. Python ni kubwa mno kulinganisha na Elm, na asiyependa ulinganisho huu anaweza kuniambia kwamba kijiji hakihitaji bunge. Namkubalia. Kijiji hakihitaji bunge, lakini kinahitaji kujua mwenye ufunguo akisafiri, ufunguo ameuacha kwa nani.

Hoja ya wanaosema lugha imekamilika ina uzito kuliko inavyopewa. Programu ya Elm iliyoandikwa mwishoni mwa 2019 inakubaliwa na kompaila ile ile leo, bila kubadilisha herufi. JavaScript inayotoka ni ya kawaida, na vivinjari vina desturi kali ya kutovunja kurasa za zamani, hivyo kilichotengenezwa hakitaoza kwa haraka. Linganisha na mtu aliyeanza mradi mwaka huo kwa zana za kawaida za JavaScript, ambaye tangu hapo amekwisha kubadilisha kijenzi cha mafaili, kisha kipitisha njia, kisha namna nzima ya kuandika vipengele vyake, na kila mara akaambiwa kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Kuna raha ya kweli katika zana isiyokusumbua. Zaidi ya hayo, vifurushi vya Elm vimeendelea kutolewa na jumuiya muda wote: kikaguzi cha msimbo cha elm-review, mfumo wa kutengeneza tovuti wa elm-pages, na jukwaa la Lamdera linaloandika upande wa kivinjari na upande wa seva kwa lugha moja. Kimya ni cha kompaila na vifurushi vya msingi. Si cha watu.

Hata hivyo hoja hiyo inaanguka mahali pamoja, na mahali hapo hapakutokana na ubishi wowote wa falsafa bali na huduma ya kutafsiri kurasa. Elm, kama React, hubaki na nakala ya ukurasa kwenye kumbukumbu na kuamini kwamba ukurasa halisi unafanana na nakala hiyo. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha Google Translate ili asome kwa lugha yake, huduma hiyo huondoa vipande vya maandishi na kuweka vingine vilivyofungwa ndani ya elementi mpya. Elm haina habari. Inapokuja kubadilisha maandishi, inashika kipande ambacho hakimo tena ukurasani, na matokeo yake ni maandishi yaliyoganda au programu nzima kusimama. Viongezo vya kivinjari vinavyosahihisha uandishi vinaweza kusababisha balaa la namna hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba lugha inayojivunia kutoanguka inaweza kuangushwa na msomaji asiyejua Kiingereza anayejaribu kuelewa ukurasa, mtu ambaye hakuna aliyemfikiria wakati ahadi ile ilipotolewa. Msomaji huyo yupo Mwanza, na yupo Bujumbura.

Tiba ya tatizo hili imeandikwa. Mwanajumuiya mmoja ameiunda upya sehemu ya kuchora ukurasa kwa namna inayovumilia mabadiliko ya nje, akaieleza kwa uangalifu na kuitoa bure. Lakini sehemu hiyo ina JavaScript ndani yake, na kifurushi chenye JavaScript hakiwezi kuchapishwa isipokuwa chini ya jina la wasimamizi. Kwa hiyo anayeitaka hulazimika kukichukua kiraka hicho na kukipachika juu ya kifurushi rasmi ndani ya kompyuta yake, na kufanya hivyo tena kwenye kila mashine ya kila mwenzake. Ndipo mlango uliofungwa mwaka 2018 unapoonyesha gharama yake halisi: sheria iliyowekwa ili kulinda ahadi ya kutoanguka sasa inazuia marekebisho yanayoiokoa ahadi hiyo.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa kufunga mlango, wala halikuwa kukaa kimya. Mtu ana haki ya kusema kazi yangu imefika hapa. Kosa lilikuwa kufunga mlango bila kuandika masharti ya kuufungua, yaani ni nani anaweza kuomba, aonyeshe nini, na ajibiwe ndani ya muda gani, kisha kunyamaza bila kusema kama kimya ni mapumziko au ni mwisho. Ukurasa mmoja wa maandishi ungetosha. Mwaka 2023, katika Strange Loop ya mwisho, Czaplicki alizungumzia uchumi wa lugha za programu, na mtu anayefuatilia kisa hiki hawezi kuipuuza mada hiyo, kwa kuwa Go ina Google nyuma yake, Swift ina Apple, TypeScript ina Microsoft, na Elm ilikuwa na mshahara wa mtu mmoja. Bajeti ndogo inaeleza kwa nini matoleo ni machache. Haielezi kwa nini ukurasa ule mmoja haukuandikwa.

Waliochoka kungoja hawakukaa. Leseni ya Elm inaruhusu kuuchukua msimbo na kuendelea nao, na mwaka 2022 lilitoka toleo la kwanza la Gren, tawi lililoanza kwa msimbo wa Elm na kuupeleka pia upande wa seva. Wengine walihamia lugha tofauti yenye tabia za karibu: Gleam, iliyofikisha toleo la 1.0 Machi 2024, hutoa msimbo wa Erlang na wa JavaScript, na maktaba yake ya Lustre inafuata mpangilio wa Elm waziwazi. Richard Feldman, aliyekuwa mhubiri mashuhuri wa Elm na mwandishi wa kitabu chake, aliunda Roc, ambayo si ya vivinjari hasa ila damu yake inatambulika. Tatizo la matawi ni kwamba kila moja huchukua watu wachache kutoka katika kundi ambalo lilikuwa dogo tangu awali.

Kwa timu yenye programu ya Elm inayofanya kazi leo, sioni sababu ya kuibomoa. Igharimie kama nyumba ya mawe: haihitaji kukarabatiwa kila mwaka, ila lazima fundi wake ajulikane. Timu ihifadhi nakala yake ya kompaila na ya vifurushi vyote inavyovitumia, ipachike kile kiraka cha kuchora ukurasa ikiwa ina wasomaji wanaotegemea tafsiri, na ihakikishe kwamba watu wasiopungua wawili wanaweza kuisoma lugha hiyo, kwa maana kumwajiri wa tatu sokoni si rahisi. Kwa mradi mpya ningesita, isipokuwa ukurasa uwe mdogo, wenye mipaka inayojulikana, na usiohitaji mengi kutoka katika kivinjari. Na kabla ya kuamua, ningeufungua ukurasa wa majaribio, nibonyeze kitufe cha kutafsiri kwa Kiswahili, kisha nijaze fomu yote hadi mwisho nione kama inasimama njiani.